Kumi na Tisa

Oktoba, kaskazini mwa Aisilandi, saa tano za usiku.
Hallbera anaiuliza kompyuta swali lile lile kwa mara ya saba:
kondoo yupi hatashuka mlimani?

Kompyuta inamtolea jedwali.
Umri, uzito, rangi ya manyoya, idadi ya wana,
urefu wa miguu, shamba alikozaliwa:
vitabiri sita vimepangwa mstari
kama mashahidi walioitwa kituoni,
na kila kimoja kinaapa: Sikuona. Nilikuwa nimelala.
Kosa sanifu ni kubwa kuliko jibu lenyewe.

Walipanda mia sita na kumi na wawili.
Majira yote ya joto walilisha juu bila mchungaji,
Septemba wakaswagwa hadi zizini, wakahesabiwa
kwa alama za masikio, mmoja mmoja, mvua ikinyesha.
Mia tano tisini na watatu.
Waliobaki ni kumi na tisa, na kumi na tisa hawasemi.

Basi hilo la kwanza, anajiambia,
akimimina kahawa ya tangu mchana:
mkate mmoja, wageni sita.
Kila mmoja ataondoka na njaa
wala hapana mchoyo.

Anaitoa rangi. Hakuna kinachotikisika.
Anaitoa miguu, analitoa shamba.
Umri na idadi ya wana wanaandamana kama chanda na pete;
ukimuuliza huyu, yule anajibu,
na ukiwauliza wote pamoja
wanasukumana mlangoni, hapiti mtu.
Anawatoa wana. Umri unakohoa, unasema kidogo,
unanyamaza.

Uzito anauchora.
Nukta zote zimesongamana kushoto kama siafu,
na kule mwisho wa ukurasa, peke yao, kumi na moja:
kilo mia tisa tisini na tisa.
Kondoo mzito kuliko fahali!
Anacheka peke yake jikoni, kisha anakumbuka
huu ni mwandiko wa baba:
tisa, tisa, tisa, maana yake sikupima.

Anawaondoa. Picha inapumua.
Wembamba walipotea, wanene nao walipotea,
wa katikati wakarudi.
"Nilikulazimisha unyooke," anauambia uzito,
"kumbe umepinda kama upinde. Niwie radhi."
Anaupa mkunjo wake. Afadhali.
Afadhali, lakini si jibu.

Anapiga simu. Eyvindur hajalala, siku hizi halali.
"Wale kumi na mmoja, baba. Mbona hukuwapima?"
Upepo kwenye waya. Kiti kinalia.
"Ilikuwa mwezi wa tano," anasema,
"siku gari lilipokuja kumchukua mama yako.
Nilifungua lango nikawaacha waende.
Theluji ilikuwa bado magotini."

Hallbera anaongeza safu moja tu:
hakupimwa. Moja, au sifuri.
Kati ya kumi na mmoja, tisa hawakurudi.
Jedwali zima linageuka kumtazama.
Namba aliyoisaka usiku kucha imesimama, ina nguvu,
haina shaka hata chembe,
na haifai kitu.
Mwakani haitatabiri kondoo hata mmoja.
Mwakani hakuna wa kuchukuliwa.

Angali ameshika simu.
"Na weusi?" baba anauliza. "Rangi nayo inasemaje?"
"Rangi haina neno, baba."
"Mama yako aliwapenda weusi."
"Najua."

Baada ya simu anairudisha rangi mahali pake,
safu ya tatu, baada ya uzito.
Anaendesha modeli tena.
Haibadilishi chochote.
Anaiacha.