Nipunguzie Mkono

Mbusa aliingia mvua ingali inagonga bati,
akaweka shati juu ya cherehani, jeupe, la kanisani.
"Nipunguzie mkono."
Nikashika futi. "Kiasi gani?"
"Wote," akasema. "Wa kushoto."

Hapo ndipo nilipoinua macho.

Mimi ni fundi. Kwangu mkono ni kitambaa:
wa shati hulala, wa gomesi husimama begani
kama masikio ya paka aliyesikia panya,
na ukiharibika nakata mwingine.
Ng'ambo ya barabara Ithungu anauza mkono wa ndizi,
ukiiva upande mmoja anaugeuzia ukutani.
Huko bondeni, mto ulipofurika mwaka ule,
ulijichimbia mkono mpya
katikati ya mihogo ya mama mkwe wangu,
karani wa ardhi akaja na buti zake, akauchora kwenye ramani
kana kwamba mto ulizaliwa nao.
Na mpakani Mpondwe mkono mtupu haulambwi,
haya, hilo sikulisema mimi.

Kwenye mashine ya kukoboa kahawa, Mbusa alinieleza,
kuna chuma kinachosukuma punje ndani.
Nacho wanakiita mkono.
"Mkono ukachukua mkono."
Akacheka. Sikujua kama nina ruhusa ya kucheka.

Hospitalini daktari mgeni alisoma neno lile kwenye fomu,
akauliza: kuanzia wapi? Kuishia wapi?
Lugha yetu haikuweka mpaka kati ya bega na kidole,
ikambidi mkalimani ajikate hewani,
juu kidogo ya kiwiko,
mbele ya mke wa mtu.

Kisha majirani wakaleta mkono wa pole:
sukari, noti zilizokunjwa, kuku mwekundu.
Akavipokea kwa ule wa kulia peke yake,
yeye aliyelelewa kupokea kwa miwili,
na kila mara, alisema, bega tupu lilitangulia kuinuka.

Nikafumua mshono, uzi kwa uzi.
Nikaziba pale penye tundu, nikapiga pasi.
Bei nilitaka kupunguza, akakataa:
"Umefanya kazi ya mkono, lipwa."

Kipande kikabaki mapajani mwangu,
pindo lake bado na vifungo viwili.
"Hiki nikifanyie nini?"

Akafikiri, maji yakimchirizika shingoni.
"Mifuko," akasema. "Weka mingi.
Siku hizi nina vitu vingi vya kushika."