Kibao cha Fundi Majeneza

Ssalongo Kiggundu wa Nyendo anataka kibao.
Anachonga majeneza, mlango wa tatu kutoka kinu cha mahindi,
na watu, asema, hupita wakigeuza shingo
kana kwamba ana ndui.
"Nichoree kitu kinachoita bila kutisha.
Msalaba sitaki. Malaika sitaki,
jirani yangu anao wawili, na mmoja ana makengeza.
Ijumaa nitakuja."
Akaacha nusu ya malipo na harufu ya vanishi.

Jumanne nilikaa mbele ya ubao mweupe.
Nikachora jua likitua: la benki.
Nikachora njiwa: wa shule ya chekechea.
Nikachora mkono ukipunga,
mwanangu akauliza kama ni tangazo la simu.
Jumatano niliukamua ubongo kama suruali ya jinzi.
Hata tone.

Dada yangu Nabakooza, muuguzi wa zamu ya usiku,
alinikuta kichwa kiko mezani.
"Unapiga mlango ngumi," akasema, "na wenyewe wako uani."
Akanieleza, huku akivua viatu, ubongo anavyoujua yeye:
ukilikodolea jambo macho, chumba kimoja tu huwaka taa;
ukiliacha, humo ndani hawalali kama tudhanivyo.
Vyumba visivyosalimiana mchana
huanza kuazimana chumvi.
Harufu ya mwaka juzi hubisha hodi kwa hesabu ya leo,
na wimbo wa kilioni
huketi mkeka mmoja na bei ya mafuta ya taa.
"Ila kwanza uwe umeuliza," akasema.
"Ubongo usioulizwa hauna cha kujibu."
Kisha akalala na soksi zake.

Mimi ni wa Nyendo, haya nayajua kwa jina jingine.
Hakuna aliyewahi kujaza gunia
kwa kumkimbilia senene mmoja mmoja.
Unasimamisha mabati, unapanga mapipa,
unawasha taa kali mpaka majirani wanalaani,
unaingoja mvua ya Novemba,
nao hutoka usikokujua,
wakigonga bati kwa vichwa, wakiteleza, ndani.
Usiku mwingine ni nondo tu.
Nao waache waingie.
Asiyetaka nondo na azime taa.

Basi Alhamisi nikasimamisha mabati yangu:
brashi juu ya kabati,
simu kwa mama muuza mkaa,
penseli fupi nyuma ya sikio,
na mkungu mzima wa matoke wa kumenya.
Kumenya hakunihitaji mimi nzima.
Kisu kinaijua njia; utomvu ukaninata vidoleni.
Nikawaza karo.
Nikawaza paa linalovuja upande wa kuku.
Nikamuwaza baba alivyopimwa suti ya harusi yangu,
akicheka, futi ya fundi ikimtekenya kwapani,
na fundi akisema polepole, mzee, polepole.
Ganda likajikunja juu ya kisu,
refu, halikukatika,
likaanguka sakafuni kama—

Ndizi ile sikuimaliza.
Nilikimbilia ubaoni, kisu bado mkononi.

Ijumaa Ssalongo alikuta randa moja iliyochorwa kwa rangi ya asali,
na kutoka mdomoni mwake utepe mmoja wa maranda,
mrefu, umejikunja,
ukivuka ukingo wa kibao kama usiotaka kuisha.
Chini yake, herufi ndogo:
TUNAPIMA KWA UPOLE.

Alivua kofia. Akakaa kimya
kwa muda wa lori la mchanga kupita.
"Hili umelitoa wapi?"
Nikamwonyesha mikono, myeusi kwa utomvu.
Akatikisa kichwa, akahesabu salio, akahesabu tena.
Alipofika mlangoni ndipo aliposema, bila kugeuka:
"Mzee wako nilimpima mimi. Hivyo hivyo."

Sikuwa nimekumbuka.
Siku ile ya msiba nilikuwa nje, nawapangia wageni viti.
Lakini kuna aliyekuwa dirishani humu kichwani, akitazama,
na hakuniambia kitu miaka sita.

Matoke yaliyobaki yalikuwa yameshakuwa meusi.
Tuliyapika hivyo hivyo.