Mfuko wa Gantumur

Darkhan, Januari. Alivua kofia ya manyoya,
akakunja mkono wa shati kabla sijamwomba:
"Chota hadi utosheke, dada.
Mke wa mwanangu yuko leba."

Nilimkagua weupe wa macho. Ulikuwa weupe kweli.
Nikabonyeza chini ya mbavu za kulia; hakuguna.
Macho yamewahi kugeuka manjano? La.
Chale? La. Sindano?

Akacheka.
"Shuleni, darasa zima, sindano moja ya kioo,
ikichemshwa kwenye sufuria ya chai
siku ambazo muuguzi alikumbuka."

Nikaandika. Kalamu ikasita kwenye neno *moja*.

Alasiri mashine ikasema B.
Nikairudia; ikasema B.
Mfuko wenye jina lake ukaenda tanurini,
mzito, mwekundu, usio na kosa machoni pa mtu.

Nilimpigia mwenyewe. Habari za ini
zimeumbwa kukata maini.
Nikasikia upepo upande wake, na mlango wa gari.
Kisha: "Amejifungua. Binti. Damu ilitoka kwa mtu mwingine."
"Njoo Jumatatu. Zipo dawa za kuutuliza."

Kimya.
"Na darasa langu?"

Njoo nalo, nikasema. Lote lililobaki.