Nusu ya Kimo

Mama alirudi nacho chini ya shali,
kimeviringishwa kwenye gunia la shayiri:
kioo chenye dosari, povu la hewa pembeni,
ambacho mnunuzi wa Nuremberg alikikataa.
Msimamizi alikikata vipande viwili. Akasema,
"Chukua kimoja, Walburga. Ndio mshahara wa Ijumaa."

Wiki ile tulikula viazi bila chumvi
tukijitazama.

Nilikuwa na miaka tisa, nikalalamika
kwamba ni kifupi, hakinifikii hata magotini.
Mama akakipigilia ukutani,
ukingo wa juu umeyapita macho yangu kidogo tu.
"Simama hapo. Viatu unaviona?"
Niliviona. Nikarudi nyuma hatua mbili,
nne, mpaka mgongo ukagusa jiko:
viatu vilevile, utosi uleule,
si zaidi, si pungufu.

Mwalimu Oertel alichora ubaoni.
Mwale wa kiatu hupanda, hugonga kioo nusu ya njia,
hudunda, huja jichoni. Pembe ya kuingia
ni sawa na pembe ya kutoka.
Nuru, alisema, haidai wala haidaiwi.
Na yule msichana aliye nyuma ya kioo?
Hayupo. Huko haufiki mwale hata mmoja.
Ni jicho lako linalonyoosha mstari kwa imani
na kumsimamisha mtu
mahali penye matofali na kunguni.

Adhuhuri nilimpelekea mama mkate.
Madirisha ya karakana yalifungwa hata Julai,
vumbi lisije likaharibu kazi.
Alitandika bati jembamba kama ganda la kitunguu
juu ya meza ya marumaru,
akamwaga zebaki, akaisugua kwa mguu wa sungura,
nayo ikimkwepa kama mtoto asiyetaka kuogeshwa.
Kabla ya kutelezesha kioo juu yake
niliinama: uso wa mama ulining'inia mle ndani
kichwa chini, taa ikiwaka chini ya kidevu.
"Usipumue hapo," alisema.
Yeye akaendelea kupumua hapo.

Kilianza kijiko. Kikafuata sindano.
Kisha meno, mawili kwenye leso,
na mate yakimjaa kinywani
kama mtu anayekumbuka limau.

Nilimuuliza Mwalimu Oertel:
kinachoingia kwa pumzi
hutoka kwa pembe ipi?
Alifuta ubao. Ulikuwa safi tayari,
naye aliendelea kuufuta.

Usiku mama alisimama kiooni na pini ya nywele.
Mkono wa huku ukatetemeka,
mkono wa kule ukatetemeka,
haukutangulia, haukuchelewa.
Pini ikaanguka mara mbili,
nikasikia mlio mmoja.

Nilipotimiza kumi aliniweka mbele ya kioo,
akaonyesha kimo changu kwa ncha ya kidole,
kidole chenye mafuta ya nguruwe, kwani alikuwa akikaanga.
Mstari ulitaka kunyooka.
Ulitoka kama mto Pegnitz kwenye ramani.
Niliona aibu, rafiki zangu wasije wakauona,
nikaufuta kwa mkono wa gauni.

Alipofariki, jirani Kunigunda alifunika kioo kwa shuka,
ndivyo wanavyofanya kwetu.
Siku ya tisa nikaliondoa.
Kiti kilikuwamo, jiko lilikuwamo,
dirisha na theluji yake vilikuwamo.
Nilitafuta kila pembe, ya kuingia na ya kutoka.
Nuru hailali kiooni. Hupita tu
kama mgeni asiyevua kofia.

Nilisogea mpaka pua ikagusana na pua,
isipokuwa unene wa kioo ulibaki kati yetu.
Nikashusha pumzi.
Ukungu ukatanda, na ndani yake,
usawa wa kifua changu cha sasa,
mstari uliopindapinda.

Ulipoanza kufifia
nikapumua tena.