Chupa Mbili Dirishani

Heljo, chupa mbili umezipanga dirishani,
theluji ya Tallinn ikizichungulia kwa nje:
moja ya mafuta ya ini la chewa,
moja ya uyoga uitwao ndevu za simba.
Simba, hapa Kopli, ambako hata paka hawatoki!

Mafuta, asema Tiiu wetu kwenye simu, hulainisha nyaya za ubongo.
Uyoga, asema mwenye duka, huotesha nyaya mpya.
Daktari aliinua mabega tu,
akaandika tarehe ya kurudi.

Ukaamua kupima mwenyewe, wewe uliyepima unga
miaka thelathini katika kiwanda cha mikate.
Mwezi mmoja mafuta, mwezi mmoja uyoga,
kidonge ndani ya kikombe cha yai,
kisha mtihani, kabla ya chai:
nitaje vituo vya tramu niliyoiendesha ujana wangu wote,
Kopli hadi Kadriorg, bila kusita,
nawe, penseli mkononi, uhesabu.

Mafuta yalinipa mbeuo wa samaki na vituo kumi na viwili.
Uyoga ulinipa ndoto za reli,
vituo kumi na viwili,
na, ajabu, mbeuo uleule wa samaki.
"Sare," nikasema. Hukucheka.
Mshindi yupo, ulisema, daftarini.

Jana ulipoteremka kufua, nililifungua.
Februari: mafuta. Machi: mafuta.
Tarehe tisa imeandikwa mara tatu,
kwa mwandiko safi wa mtu asiye na shaka,
na pembeni: *leo amesahau kunywa chai.*
Chai nilikunywa. Nilikunywa nawe.
Chupa ya uyoga ina lakiri yake bado.

Leo asubuhi nimekaa kitini kama kawaida.
Maleva, Sitsi, Krulli, Volta...
Salme nikakiruka makusudi,
Salme, pale ulipopanda na chachu kwenye ndoo,
ukanilipa nauli kwa mkate wa moto.
Nikasubiri.
Penseli yako ikaendelea kutembea.
"Vyote," umesema. "Hata kimoja hukukosa."

Basi kesho lakiri nitaivunja mimi.
Vikombe vya mayai vitakuwa viwili.
Na mtihani nitautunga mimi, swali moja tu,
polepole, hata chai ikipoa:
yule mwanamke apandaye Salme,
mkononi kabeba nini?