Safu ya Saba

Fomu tuliyotoka nayo Geneva ina safu sita:
jina, umri, kosa, tarehe ya kukamatwa,
wakili, ugonjwa.
Nimeijaza magerezani katika nchi tisa,
sijawahi kupungukiwa nafasi.

Oruro, gereza la wanawake, asubuhi ya Juni.
Maji ya ndoo yameganda juu kama kioo.
Eusebia Choque, miaka thelathini na mmoja,
anasubiri hukumu, mwaka wa tatu huu.
Wakili alikuja mara moja,
akaazima kalamu, akaondoka nayo.
Naandika. Vidole vinauma.

Nyuma ya sketi yake mtoto
anavunja barafu ya ndoo kwa kijiko
na kuitafuna.

"Na huyu?"
"Wayra. Alizaliwa humu humu."
Nikatazama safu zangu. Hana kosa.
Hana tarehe ya kukamatwa.
Hana hata wakili wa kumkosa.
Nikapita.

Asiyekuwapo na lake halipo, husemwa.
Huyu yupo! Yupo tangu kukatwa kitovu,
na lake halipo.
Anajua ua una hatua zake arobaini na moja,
anajua mlinzi yupi funguo zake hulia kwa hasira,
anamjua mbwa kwa sauti tu,
ng'ambo ya ukuta.

Jioni, karibu na lango, akanivuta koti:
"Mama umemwandika.
Bi Casilda umemwandika, na jino lake bovu.
Mimi umeniandika wapi?"

Hotelini nikaandika tanbihi:
*Inakisiwa wapo pia watoto.*
Herufi za sisimizi, chini kabisa,
pale jicho la mkubwa hufika limeshachoka.
Inakisiwa,
na koti langu lina masizi ya vidole vyake.

Nikafuta.
Nikashika rula, nikachora mstari mpya
toka juu ya ukurasa hadi chini.
Safu zote zikabanana kumpisha;
"ugonjwa" ukakatika mara mbili.

Benedikt akapiga simu kutoka makao makuu:
"Fomu haibadilishwi njiani.
Watoto wana kamati yao, ghorofa ya tatu."
Nikamwambia, Wayra hajui ghorofa.
Hajawahi kupanda ngazi.

Akanyamaza. Nikasikia anatafuta kalamu.

Safu ya saba bado haina kichwa.
Kesho narudi na yale niliyosahau kuuliza:
kimo chake, chanjo, anayemfundisha kusoma,
na barafu ile,
ina ladha gani.