Nyinginezo

Mkurugenzi ametaka mchoro mmoja tu:
mbegu za mafuta zilizoingia nchini, tani kwa mwaka,
tangu daftari la kwanza mpaka juzi.
"Ukurasa mmoja, Thuwaiba. Wageni hawana muda."

Nimefungua kabati la chuma, ghorofa ya pili,
bandarini Suhari, dirisha linatazama maghala
na vumbi la soya limetanda kwenye kingo
kama unga wa mtu aliyeitwa mlangoni akasahau kuchekecha.

Daftari la kwanza lilitoka Matrah, wino wa buluu.
Ufuta, magunia. Mbata, magunia.
Mbegu za pamba, magunia, matatu yameloa.
Pembeni karani ameandika, herufi ndogo:
"Gunia moja limetoboka. Watoto wameokota."
Hili nalo nitalitia wapi,
kwenye tani?

Mama alifika mwaka wa daftari la tatu, kutoka Wete,
na sanduku, na mkeka, na mbuzi.
Aliulizwa umebeba nini, akataja kimoja kimoja.
Mkalimani akatafsiri neno kwa neno
na askari wa forodha akatoka nje na kamba
kumtafuta mbuzi.
Alikuwa ndani ya kanga, miguu imekunjwa,
meno yake ya chuma yana nazi ya Pemba bado.

Mbata inashuka kuanzia hapo.
Sina la kuongeza. Inashuka, inagusa chini, inakwisha,
na mama akajifunza kupikia tui la kopo
akilitazama kama mtu anayepewa salamu na asiyemjua.

Baba mkubwa Zahran alikuwa na kinu Ibra,
akishindika ufuta kwa ngamia mmoja
aliyefungwa macho kwa kitambaa cha gunia la mchele,
akizunguka alfajiri hadi adhuhuri
akidhani anakwenda Salala.
Mwaka aliokufa ngamia, mstari wa ufuta umeinama.
Najua si kwa ajili yake.
Lakini umeinama.

Kisha mawese: kwa madebe, kwa matangi, kwa bomba.
Hakuna tena anayeandika "limetoboka".
Kisha soya. Kurasa nyingi haipo kabisa,
halafu tarakimu moja, ya aibu,
halafu meli nzima bila gunia hata moja,
mbegu tupu, zinafyonzwa kwa mrija
kama mtoto na dafu.
Mstari unakwea mpaka nimeongeza urefu wa karatasi.

Wageni watasema: watu hawa wanapenda mafuta.
Wapi! Mafuta ni sehemu ndogo tu ya mbegu ile.
Kinachobaki ni mashudu, malori kwa malori,
yanakwenda Barka kwenye mabanda.
Aliyeunyanyua mstari huu ni kuku.

Shafiqul wa maabara amekuja na chupa za sampuli,
akainama juu ya bega langu.
"Haradali iko wapi? Kwetu Silet mama hakaangi bila haradali."
Nikamwonyesha kwa kalamu, chini kabisa:
Nyinginezo.
Haradali imo humo. Alizeti ya miaka ya mwanzo imo.
Na ufuta, tangu mwaka nisioukumbuka,
ufuta umo humo.

Alipoondoka nikafanya nisiloagizwa.
Nikaifungua Nyinginezo, nikautoa ufuta peke yake,
nikauchora kwa mwezi badala ya mwaka.
Mstari mwembamba, karibu na sifuri,
na juu yake kinundu, mara moja kila mwaka:
halua, mikate, vibati vya kupeleka kwa majirani.
Kinundu hakikai mahali pamoja.
Kila mwaka kinarudi nyuma siku kumi au kumi na moja,
kimeanza Septemba, kikapita Juni, kikapita Machi,
miaka arubaini kinatembea kinyume cha kalenda
wala hakuna mtu aliyekiona,
maana tulikuwa tunajumlisha.

Mkurugenzi amekitazama, miwani mkononi.
"Hili kosa?"
"Si kosa. Ni mwezi."
Akanyamaza. Halafu, kwa Kiswahili cha bibi yake,
ambacho sikujua kama anacho:
"Mwezi gani?"
Nikamwelekeza dirishani,
na ilikuwa saa nne ya asubuhi,
juu ya maghala hapana kitu, vumbi tu.